MGUU ULIOTEGUKA: PLASTA NI MSAIDIZI, MAZOEZI NDIYO DAWA



Kila jioni vijana wa vijiji vyetu hukutana uwanjani. Wavulana hucheza mpira wa miguu. Wasichana hucheza netiboli, na siku hizi wengi wao hucheza mpira wa miguu pia. Michezo ni jambo jema. Huimarisha mwili na huleta umoja. Lakini viwanja vingi vina mashimo. Mchezaji anaruka kupiga mpira kwa kichwa. Anatua juu ya shimo au juu ya mguu wa mwenzake. Mguu unapinduka. Anaanguka, anashika kifundo, anapiga kelele. Muda si mrefu kifundo kimevimba.

Jambo hili haliwapati wachezaji tu. Humpata mama aliyejitwika ndoo ya maji akiteremka kilima. Humpata mkulima anayekanyaga tuta. Na mtu aliyeteguka mguu wakati wa palizi yuko katika taabu kubwa. Hawezi kusimama shambani, na magugu hayamsubiri apone.

Siku hizi vijana wengi hutazama mpira katika televisheni. Wameona wachezaji wakubwa wamebandikwa plasta za rangi miguuni. Nyingine ni buluu, nyingine nyekundu, nyingine nyeusi. Plasta hizo sasa zinauzwa katika baadhi ya maduka ya dawa ya mjini. Baadhi ya timu huchanga fedha kuzinunua. Vijana wanaamini kwamba aliyeteguka akibandikwa plasta hiyo, kesho yake anaweza kurudi uwanjani.

Je, imani hiyo ni ya kweli? Leo tutaeleza plasta hiyo ni kitu gani, inasaidia nini, na haiwezi nini. Pia tutaeleza namna ya kumtunza mtu aliyeteguka tangu siku ya kwanza mpaka siku ya kurudi kazini au uwanjani.

KUTEGUKA NI NINI?

Vua kiatu. Shika kifundo cha mguu wako. Utagusa nundu mbili za mfupa. Moja iko upande wa nje, nyingine upande wa ndani. Nundu hizi ni ncha za mifupa miwili ya muundi. Chini yake kuna mifupa ya unyayo.

Mifupa hii imefungwa pamoja kwa kano. Kano ni nyuzi ngumu zinazoshika mfupa mmoja na mwenzake. Fikiria nyumba ya miti na fito. Miti ni mifupa. Kamba zinazofunga fito na miti ndizo kano. Kamba zikiwa imara, ukuta husimama. Kamba zikilegea, ukuta huyumba, ingawa miti yenyewe ni mizima.

Mguu ukipinduka kwa ghafla, kano huvutika kupita kiasi. Nyuzi zake nyingine hukatika. Huko ndiko kuteguka. Mara nyingi unyayo hupindukia ndani, na kano zinazoumia ni zile za upande wa nje, chini ya nundu ya nje.

Kuteguka kuna ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni ndogo. Kano zimevutika tu, na mtu anaweza kutembea kwa maumivu kidogo. Ngazi ya pili ni ya kati. Baadhi ya nyuzi zimekatika, mguu umevimba, na damu imevilia chini ya ngozi. Ngazi ya tatu ni kubwa. Kano imekatika kabisa, na kifundo kinalegea.

Kuteguka kidogo hupona kwa wiki 1 au 2. Kwa ngazi ya kati, mtu huhitaji kama wiki 3 mpaka 6. Kuteguka kubaya kwaweza kuchukua miezi 3 au zaidi. Hakuna plasta wala dawa ya kupaka inayoweza kuunga kano iliyokatika kwa usiku mmoja.

KWANZA JUA: UMETEGUKA AU UMEVUNJIKA?

Kabla ya kufunga kitu chochote, chunguza kama mfupa umevunjika. Kosa la kumbandika plasta mtu aliyevunjika mfupa ni kosa kubwa. Plasta haitashika mfupa, na atachelewa kupata matibabu yanayofaa.

Mwaka 1992 madaktari wa mji wa Ottawa, katika nchi ya Kanada, walitoa kanuni rahisi za jambo hili. Kanuni hizo sasa hutumika katika nchi nyingi. Hazihitaji mashine. Zinahitaji macho, kidole na hatua 4. Fanya hivi:

1. Mwambie mgonjwa ajaribu kutembea hatua 4 bila kushikwa. Kuchechemea si neno. Kama hawezi kabisa kuukanyagia mguu huo hatua 4, mpeleke kwa mganga.

2. Bonyeza kwa kidole ukingo wa nyuma wa nundu ya nje. Anza kwenye ncha ya chini, panda juu kiasi cha sentimita 6. Hizo ni kama upana wa vidole vitatu au zaidi kidogo. Bonyeza juu ya mfupa wenyewe. Kama mfupa unauma, mpeleke kwa mganga.

3. Fanya hivyo hivyo kwenye nundu ya ndani.

4. Bonyeza ukingo wa nje wa unyayo, katikati kati ya kisigino na kidole cha mwisho. Hapo kuna mfupa unaojitokeza kidogo. Kisha bonyeza upande wa ndani wa unyayo, mbele kidogo ya nundu ya ndani. Mfupa ukiuma katika sehemu mojawapo, mpeleke kwa mganga.

Kama mgonjwa anatembea hatua 4 na mifupa hiyo haiumi ikibonyezwa, ni nadra sana kuwa amevunjika. Maumivu yake yatakuwa katika nyama laini, chini na mbele ya nundu ya nje. Hiyo ndiyo sehemu ya kano.

Kuna watu ambao usiwapime kwa kanuni hizi. Hao ni watoto wadogo, mtu aliyelewa, na mtu ambaye miguu yake ina ganzi, kama wagonjwa wengine wa kisukari. Watu hawa huenda wasieleze maumivu sawasawa. Hao wapeleke kwenye zahanati au kituo cha afya moja kwa moja.

Mpeleke upesi pia kama mguu umepinda, kama mfupa umetokeza au kuna jeraha, au kama vidole vimekuwa vya baridi, vyeupe au vya buluu. Usijaribu kuunyoosha mguu uliopinda. Ufunge kwa banzi kama ulivyo, kisha umbebe mgonjwa. Mganga ataamua kama anahitaji picha ya eksirei katika hospitali.

Tahadhari moja zaidi. Kama mguu umevimba na mgonjwa hakumbuki kuupindua, usidhani ameteguka. Huenda ameumwa na nyoka, au ana uambukizo. Huyo naye apelekwe kwa mganga.

MAMBO YA KUFANYA SIKU YA KWANZA

Tuseme umemchunguza mchezaji, na dalili zote zinaonyesha kuwa ameteguka tu. Sasa fanya mambo haya.

Jambo la kwanza: mtoe uwanjani. Asiendelee kucheza hata kama timu inafungwa. Kano iliyochanika nusu yaweza kukatika kabisa akiendelea.

Jambo la pili: mvue kiatu mapema. Legeza kamba zote, kisha vuta njumu polepole. Mguu ukishavimba, kiatu kitakuwa kigumu kutoka.

Jambo la tatu: tuliza maumivu kwa ubaridi. Ukipata barafu, ifunge kwenye kitambaa. Usiiweke juu ya ngozi, kwa maana barafu tupu huunguza. Kama hakuna barafu, chovya kitambaa katika maji ya mtungi. Kikamue kidogo, kiweke juu ya kifundo, kibadilishe kikipata joto. Fanya hivyo kwa dakika 10 mpaka 20, mara chache kwa siku. Ubaridi hupunguza maumivu. Hauungi kano.

Jambo la nne: funga bandeji. Namna ya kufunga tutaieleza hapa chini.

Jambo la tano: inua mguu. Mgonjwa alale, mguu ukae juu ya mto au gunia lililokunjwa, uwe juu kuliko moyo. Hivyo uvimbe hupungua.

Kwa maumivu, parasetamoli hutosha mara nyingi. Fuata kipimo kilichoandikwa au ulichoambiwa na mganga. Dawa kali zaidi, kama diklofenaki, zaweza kumdhuru mtu mwenye vidonda vya tumbo, mama mjamzito, au mtu mwenye ugonjwa wa figo. Usizinywe bila kuuliza.

Sasa yako mambo ya kuacha. Katika siku 2 au 3 za kwanza, usiukande mguu kwa maji ya moto. Usiuchue kwa nguvu. Usinywe pombe. Mambo haya yaweza kuongeza uvimbe na damu kuvilia. Usimruhusu mtu auvute mguu kwa nguvu ati anaurudisha mahali pake. Kano iliyochanika hairudishwi kwa kuvutwa, huchanika zaidi. Na usikubali kuchanjwa chale juu ya uvimbe. Chale huingiza uchafu mwilini, na kwa njia hiyo mtu aweza kupata uambukizo, hata pepopunda.

JINSI YA KUFUNGA BANDEJI

Bandeji ifaayo ni ile inayovutika, yenye upana wa sentimita 7 mpaka 10. Bandeji hii haina gundi. Hufuliwa na kutumika tena mara nyingi. Timu ikiwa na fedha kidogo, inunue bandeji hii kabla ya plasta za rangi.

Fuata hatua hizi:

1. Mgonjwa akae, mguu unyooke mbele. Vidole vitazame juu, wala visielekee mbele kama vya mtu anayechungulia juu ya ukuta.

2. Anza karibu na vidole. Zungusha mara 2 kwenye unyayo. Viache vidole wazi ili uvione.

3. Pandisha bandeji juu ya unyayo, izungushe nyuma ya kifundo, irudishe mbele, kisha ipitishe chini ya unyayo. Umeandika namba 8.

4. Rudia namba 8 hiyo. Kila mzunguko ufunike nusu ya mzunguko uliotangulia. Endelea mpaka ufike kiganja kimoja juu ya nundu.

5. Funga mwisho kwa pini au kwa utepe.

Bandeji ikaze kiasi tu. Pima hivi: bonyeza ukucha wa kidole gumba cha mguu mpaka uwe mweupe, kisha uachie. Rangi yake irudi mara moja, yaani kwa sekunde 2. Rangi ikichelewa, au mgonjwa akisikia ganzi, au vidole vikiwa baridi, fungua bandeji na ufunge upya kwa kulegeza. Usiku, wakati wa kulala, ifungue.

PLASTA ZA RANGI NI KITU GANI?

Sasa tuje kwenye plasta zile za kwenye televisheni. Zilibuniwa Japani katika miaka ya 1970 na mtaalamu wa viungo aliyeitwa Kenzo Kase. Zilianza kuonekana sana duniani mwaka 2008, katika Michezo ya Olimpiki ya Beijing, Uchina. Wachezaji wengi walikuwa wamezibandika.

Plasta hiyo ni kitambaa chembamba cha pamba. Upande mmoja una gundi. Huvutika kama mpira kwa urefu wake. Hupitisha hewa na hukauka upesi ikilowa. Kwa sababu hiyo mtu huweza kukaa nayo siku 3 mpaka 5, hata akioga.

Plasta hiyo haina dawa ndani yake. Rangi zake nazo hazina kazi yoyote. Nyekundu haina nguvu kuliko buluu. Ni mapambo tu.

Wauzaji wengine husema kwamba plasta hiyo huinua ngozi, hupitisha damu vizuri, na huponya haraka. Watafiti wa nchi mbalimbali wamejaribu jambo hilo. Wamewabandika wagonjwa wengine plasta iliyovutwa kama inavyofundishwa. Wengine wamewabandika plasta bila kuivuta, ili walinganishe. Mara nyingi tofauti kati ya makundi hayo imekuwa ndogo au haikuonekana kabisa. Mpaka sasa hakuna uthibitisho imara kwamba plasta hiyo huponya kano au huzuia kuteguka.

Basi haina faida? Inayo, lakini faida yake ni ndogo. Watu wengine hupata nafuu ya maumivu kwa muda. Pia plasta huvuta ngozi kidogo kila mguu unapotikisika, na hivyo humkumbusha mtu kuutunza mguu wake.

Turudi kwenye mfano wetu wa nyumba. Plasta ya rangi ni kama chokaa juu ya ukuta. Ukuta ukiyumba kwa sababu kamba za ndani zimelegea, kupaka chokaa hakukazi kamba. Ukuta utapendeza, lakini utaendelea kuyumba.

Hapa ndipo penye hatari yenyewe. Mchezaji akibandikwa plasta na maumivu yakapungua, hudhani amepona. Anarudi uwanjani siku ya tatu. Mguu unapinduka tena, na safari hii kano inakatika kabisa. Jambo linaloongoza kumfanya mtu ateguke ni kwamba amewahi kuteguka kabla. Asipopona vizuri mara ya kwanza, kifundo hulegea, na atateguka hata kwa kukanyaga jiwe dogo njiani.

Usichanganye plasta hii na plasta nyingine mbili. Moja ni plasta ngumu ya hospitali, ambayo watu huiita hogo. Hiyo hufunga mfupa uliovunjika. Nyingine ni plasta nyeupe ya wanamichezo isiyovutika. Hiyo hufungwa na mtu aliyefundishwa, kabla ya mchezo, na huvuliwa baada ya mchezo. Plasta isiyovutika, pamoja na soksi maalumu za kukaza kifundo zenye kamba, husaidia kumkinga mtu aliyewahi kuteguka asiteguke tena. Lakini plasta hiyo hulegea baada ya kukimbia nusu saa hivi. Soksi ya kukaza hudumu zaidi, na hutumika msimu mzima.

UKITAKA KUBANDIKA PLASTA YA KUVUTIKA

Kama timu yenu inayo tayari, itumieni vizuri. Subirini uvimbe uanze kupungua. Hakikisheni mfupa haukuvunjika.

1. Osha mguu kwa sabuni na maji. Ukaushe kabisa. Usiupake mafuta, kwa maana gundi haitashika.

2. Kata kipande cha kwanza. Urefu wake utoke kiganja kimoja juu ya nundu ya ndani, upite chini ya kisigino, ufike kiganja kimoja juu ya nundu ya nje. Kata kipande cha pili chenye urefu kama huo. Kata pembe ziwe za mviringo ili zisibanduke upesi.

3. Mgonjwa akae, vidole vitazame juu.

4. Bandika mwanzo wa kipande cha kwanza upande wa ndani, juu ya nundu, bila kuvuta. Pitisha chini ya kisigino. Sasa vuta kiasi cha nusu ya nguvu yake, huku ukipandisha upande wa nje. Sehemu ya mwisho, yenye urefu wa vidole vitatu, ibandike bila kuvuta.

5. Kipande cha pili kianzie upande wa ndani wa unyayo. Kipitishe chini ya unyayo, kipande upande wa nje, kivuke mbele ya kifundo, kiishie upande wa ndani wa muundi. Mwanzo na mwisho usivutwe. Plasta isizunguke ikakutana yenyewe kama pete, maana itabana damu.

6. Sugua plasta kwa kiganja ili gundi ipate joto na ishike.

Ngozi ikiwasha, ikiwa nyekundu au ikitoa malengelenge, bandua mara moja. Loweka kwanza kwa maji au mafuta, kisha bandua polepole kwa kufuata malaika ya mguu. Usibandike juu ya kidonda, mchubuko au upele. Mtu mwenye kisukari na ganzi ya miguu asibandikwe bila ushauri wa mganga.

MAZOEZI NDIYO YANAYORUDISHA NGUVU

Zamani mtu aliyeteguka aliambiwa alale wiki nyingi bila kuutikisa mguu. Siku hizi tunajua kwamba kuulaza muda mrefu huudhoofisha. Pumzika siku 1 mpaka 3, kisha anza kuutikisa kidogo kidogo. Kano huwa imara zaidi zikifanyishwa kazi kwa kiasi. Maumivu madogo si neno. Maumivu makali ni onyo la kupunguza.

Zoezi la kwanza ni la kuandika. Kaa kwenye kiti au kigoda, inua mguu. Kidole gumba cha mguu kiwe ndiyo kalamu yako. Andika hewani herufi A, kisha B, mpaka Z. Fanya mara 2 au 3 kwa siku. Kifundo kitazunguka pande zote. Wewe unayejifunza kusoma utapata faida mbili kwa zoezi moja.

Zoezi la pili ni la kuvuta. Kaa chini, nyosha mguu. Pitisha kanga chini ya unyayo, shika ncha zake mbili. Vuta unyayo uje kwako. Hesabu mpaka 20, kisha legeza. Fanya mara 5.

Zoezi la tatu ni la kunyanyua visigino. Ukiweza kusimama bila maumivu makali, shika ukuta. Nyanyua visigino, simama kwa vidole, shuka polepole. Fanya mara 10, pumzika, rudia. Ukipata nguvu, fanya kwa mguu mmoja.

Zoezi la nne ni kubwa kuliko yote. Simama kwa mguu ulioumia peke yake. Mwanzoni shika ukuta, kisha achia. Jaribu kufika sekunde 30. Ukizoea, fumba macho. Unaweza kufanya hivyo asubuhi unapopiga mswaki. Zoezi hili hufundisha misuli kuushika mguu upesi unapotaka kupinduka. Watafiti wameona kwamba wachezaji wanaofanya mazoezi ya kusimama hivi huteguka mara chache zaidi. Na halihitaji hata shilingi moja.

Endelea na mazoezi haya kwa wiki 6 au zaidi, hata kama maumivu yamekwisha. Maumivu huisha kabla kano hazijapata nguvu.

LINI KURUDI UWANJANI?

Siku ya kurudi haipangwi na kocha wala na mashabiki. Hupangwa na mguu. Mchezaji ajipime hivi, hatua kwa hatua:

1. Anatembea bila kuchechemea.
2. Anakimbia moja kwa moja bila maumivu.
3. Anakimbia kwa kukata kona, kushoto na kulia.
4. Anaruka kwa mguu ulioumia peke yake mara 10, sawa na mguu mzima.

Akishindwa hatua moja, abaki hapo siku kadhaa, kisha ajaribu tena. Akifaulu zote 4, acheze. Mkulima naye ajipime hivyo kabla ya kubeba gunia au kushika jembe kwenye mteremko.

Kama baada ya siku 5 au 7 mguu haupati nafuu, au baada ya wiki 6 bado kifundo kinalegea na kupinduka, nenda ukamwone mganga. Usikae ukisubiri.

NDUGU WANAKIJIJI, TUFANYE NINI?

Kazi ya kuzuia ni rahisi kuliko kazi ya kutibu. Timu na wanakijiji waamue siku moja ya kusawazisha uwanja. Mashimo yafukiwe kwa udongo, visiki ving'olewe, mawe yaondolewe. Majembe tunayo. Kabla ya kila mchezo, wachezaji wakimbie polepole na kupasha viungo moto kwa dakika 10, na kila mmoja asimame kwa mguu mmoja, kulia kisha kushoto. Timu iwe na mfuko mdogo wa huduma ya kwanza wenye bandeji 2 za kuvutika, pini, kitambaa safi na mkasi. Ateuliwe mtu mmoja anayejua kuzitumia, naye awafundishe wenzake.

KUMBUKA

- Pima kwanza: hatua 4 na kidole juu ya mfupa.
- Siku ya kwanza: pumzisha, tuliza kwa ubaridi, funga bandeji, inua mguu.
- Usikande kwa moto, usivute, usichanje.
- Plasta ya rangi hupunguza maumivu kwa baadhi ya watu. Haiungi kano.
- Mazoezi ya wiki 6 ndiyo yanayozuia mguu usiteguke tena.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Katika kijiji chenu, mtu akiteguka mguu watu humfanyia nini? Yapi ni mema, na yapi yana madhara?
2. Eleza tofauti kati ya kuteguka na kuvunjika.
3. Kwa nini mchezaji aliyebandikwa plasta aweza kuumia zaidi?
4. Simameni wote kwa mguu mmoja. Nani amefika sekunde 30? Nani ameshindwa, na je, aliwahi kuteguka mguu huo?
5. Uwanja wenu una mashimo mangapi? Mtayafukia lini?